Tulianza na ya 1937

Watu wakirudi chuo baada ya likizo ndefu kila mtu anakuja na lake. Kuna aliyekwenda Arusha, kuna aliyeshika duka la mjomba wake Kariakoo, kuna aliyefungua biashara ya mitumba ikafa kabla mwezi haujaisha. Mimi nikiulizwa nasema nilikuwa nyumbani Bagamoyo naangalia katuni. Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii. Niliangalia katuni 32 ndefu za studio ya Walt Disney, kwa kufuata miaka, kuanzia ya 1937 mpaka ya 1994, na sikuruka hata moja, ingawa zipo zilizostahili kurukwa.

Wazo lilitoka kwa jamaa yangu mmoja wa hosteli ambaye anazo zote kwenye diski, amezipanga kwa namba kama karani anayepanga mafaili. Aliniambia ukiziangalia ovyo ovyo utaona katuni tu, lakini ukiziangalia kwa kufuatana utaona watu wanajifunza kazi. Neno hilo la kujifunza kazi lilinikaa, maana mimi nasomea ualimu na hilo ndilo neno letu. Halafu nyumbani nina mdogo wangu wa kike, ana miaka minane, yuko darasa la tatu. Anaishi na Bibi tangu yuko darasa la kwanza. Mama yuko Muscat, Oman, kwenye kazi za ndani. Kwa hiyo nyumba yetu likizo ikifika ina watu watatu, ikiisha inabaki na wawili.

Vifaa vyetu vilikuwa kompyuta yangu yenye ufa pembeni ya kioo na spika ndogo ya kuchaji. Tulikuwa tunaanza Bibi akishaswali isha, filamu moja kwa usiku, isipokuwa usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao Bibi hataki kelele ndani ya nyumba yake. Ilikuwa msimu wa kusi, upepo unapiga mabati mpaka inabidi uongeze sauti, na siku nyingine ngoma za mazoezi kutoka upande wa TaSUBa zinaingia katikati ya nyimbo za kina Snow White kana kwamba zimealikwa. Umeme wa LUKU ukiisha tunalala, kesho tunaendelea pale pale.

Tatizo la kwanza lilikuwa lugha. Mdogo wangu anasoma shule ya msingi ya kawaida, Kiingereza chake kinaishia kwenye salamu ya mwalimu anapoingia darasani. Bibi hana hata hicho. Kwa hiyo ikabidi niwe mtafsiri. Waliokulia kwenye mabanda ya video wanajua kazi hiyo ina wakubwa wake. Kulikuwa na Kapteni Derek Mukandala, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu, aliyekuwa anaweka Kiswahili chake juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, na chumvi anatia mwenyewe. Akaja DJ Mark. Kenya wana DJ Afro, Uganda wana VJ Jingo na wenzake. Watu wengi walikuwa wakienda bandani kumsikiliza mtafsiri kuliko kuiangalia filamu yenyewe.

Mimi nilianza kama mwanafunzi wa chuo, sentensi kwa sentensi. Bibi akanivumilia dakika kumi. Akasema, "Mume wangu, maneno yote hayo ya nini? Nambie huyu mwanamke anataka nini." (Kwa wasio wa pwani: bibi kumwita mjukuu wake mume ni utani wa kawaida, msishtuke.) Nimekaa kwenye mihadhara mingi ya mbinu za kufundishia, lakini sijapata maelekezo mafupi kama hayo. Kuanzia usiku ule nikawa nasema kila mtu anataka nini na nani anamzuia, basi. Filamu ikaenda.

"Snow White and the Seven Dwarfs" ilioneshwa mara ya kwanza Los Angeles tarehe 21 Desemba 1937. Kabla ya hapo watu wa Hollywood walikuwa wanaiita wazimu wa Disney, kwa sababu nani atakaa zaidi ya saa nzima anaangalia michoro? Ilipofaulu, Disney akapewa tuzo ya Oscar ya heshima, sanamu moja kubwa na nyingine saba ndogo. Bibi hakujali habari za tuzo. Yeye shida yake ilikuwa msichana kulala kwenye nyumba ya wanaume saba bila mtu mzima. "Hata kama wafupi," akasema, "wanaume ni wanaume." Malkia na kioo chake alimwelewa mara moja, huyo anazungumza na jini, hakuna cha kutafsiri hapo.

"Pinocchio" ya 1940 aliipenda zaidi, hasa wale watoto watoro wanaogeuka punda. Alitaka niirudie sehemu hiyo ili mdogo wangu aione vizuri. "Fantasia," ya mwaka huo huo, ni muziki tu na picha, nikapumzika kinywa. Pale viboko wanapocheza dansi wamevaa visketi, Bibi alicheka mpaka akakohoa. Yeye kwao ni upande wa mto Wami, amekua akisikia viboko wakishuka usiku kula mpunga wa watu. "Hawa waliochora," akasema, "hawajalala njaa kwa ajili ya kiboko."

Namba nne ni "Dumbo."

Nieleze kidogo kwanza. "Dumbo" ya 1941 ni fupi, dakika 64. Ilitengenezwa kwa bei nafuu kwa sababu "Pinocchio" na "Fantasia" ziliila studio hasara. Vita ilikuwa imeanza Ulaya na soko la kule likakatika. Mwaka huo huo wachoraji wa Disney waligoma, wengi wakabeba mabango getini huku wenzao wakimalizia kazi ndani. Ukiitazama utaona kweli ni ya bei rahisi, mandhari yamepakwa rangi nyepesi, hakuna mapambo. Lakini kwa maoni yangu ndiyo bora katika zile tano za mwanzo, pengine kwa sababu hiyo hiyo. Hawakuwa na hela ya kuzunguka, wakaenda moja kwa moja kwenye jambo.

Na jambo ni hili. Mtoto wa tembo amezaliwa na masikio makubwa, watu wa sarakasi wanamcheka. Wavulana wanamvuta masikio. Mama yake anamkamata mmoja anamchapa, na kwa kosa hilo anafungiwa kwenye behewa peke yake, ameandikwa kuwa ni tembo mwenye kichaa. Usiku mtoto anapelekwa kumwona. Hawezi kuingia, mama hawezi kutoka. Mama anapitisha mkonga kwenye nondo, anampapasa, anampakata kwa mkonga, anambembeleza.

Sikutafsiri, hapakuwa na haja. Mdogo wangu akaniuliza bila kuondoa macho kwenye kioo, "Kaka, Mama naye kafungiwa?"

Nikamwambia hapana, Mama yuko kazini.

Akasema, "Na huyu tembo si alikuwa kazini?"

Ni kweli. Tembo wa sarakasi yuko kazini. Nilitafuta jibu la kitaalamu sikulipata, kwa sababu sehemu ya swali lake ilikuwa sahihi kuliko jibu langu. Mama hajafungiwa. Ila pasi yake ya kusafiria iko kwa tajiri wake, na kwa utaratibu wa nchi zile wa kafala, kibali chake cha kuishi kimefungwa kwa huyo aliyemwajiri, hawezi kuamka asubuhi akasema nabadilisha nyumba. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti nzima kuhusu wafanyakazi wa ndani wa Kitanzania walioko Oman na Emirati. Niliisoma maktaba mwaka wa kwanza, nikaifunga kabla ya kufika mwisho. Mama wa kwetu kwa anavyosimulia yeye yuko mahali pazuri. Bibi mzaa baba wa nyumba ile alizaliwa Unguja, anaongea Kiswahili cha zamani kushinda cha Bibi yetu, na yeye ndiye anayehakikisha kila Ijumaa Mama anapata simu. Lakini simu ni ya Ijumaa tu.

Mkono wangu ulikuwa umeshafika kwenye kitufe cha kusimamisha. Bibi akamvuta mtoto mapajani kwake akanambia, "Endelea. Mtoto asilale hajaona mwisho." Mwisho wa "Dumbo," kwa msioijua, mtoto anaruka kwa masikio yake yale yale, anakuwa maarufu dunia nzima, na mama yake anatolewa, anasafiri kwenye behewa zuri la peke yao. Kama ningezima pale kwenye nondo, mdogo wangu angelala na zile nondo. Bibi hajasoma saikolojia ya elimu, ila amesimulia hadithi miaka mingi na anajua huwezi kusema paukwa ukaitikiwa pakawa, halafu ukaikatia njiani.

Ijumaa Mama akapiga. Mdogo wangu hakusalimia vizuri, shikamoo ilikuwa nusu, akaanza moja kwa moja na habari ya tembo. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akasema hiyo naijua, nimeiona huku. Watoto wa nyumba ile wanashinda na katuni, na zimetiwa Kiarabu. Katuni za Disney kwa miaka mingi zilikuwa zinatiwa Kiarabu cha Misri, ingawa ile ya "Frozen" ya 2013 ilitiwa Kiarabu sanifu. Mama anasema amejifunza maneno mengi humo kuliko kwa matajiri, ila akiyatumia sokoni wanamwuliza amekaa Cairo miaka mingapi.

Tulicheka wote. Simu ilipokatika, mdogo wangu akawa kimya. Baadaye akauliza, "Kwa hiyo anaangalia na watoto wa watu?"

Ndiyo.

"Anawapakata?"

Nikasema sijui. Bibi alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Anawapakata, ndiyo kazi yake. Wale anawapakata kwa mshahara. Wewe anakupakata bure."

Na mimi humo humo. Boom likichelewa, nauli yangu na chakula changu cha kafeteria vinatoka kwenye mshahara huo. Sijui nilisome vipi jambo hilo. Nimeliandika tu kwa sababu ni kweli, na najua humu chuoni si mimi peke yangu.

Namba tano ni "Bambi," ya 1942, iliyotoka kwenye kitabu cha Felix Salten wa Austria cha 1923. Kila mtu duniani anajua kinachompata mama wa Bambi. Nilitaka tuiahirishe, tuende kwanza kwenye za kuchekesha. Nilikuwa na hoja zangu zimepangwa vizuri, umri wa mtoto, hatua za makuzi, hali ya nyumbani. Bibi akauliza, "Baada ya nne si tano?" Tukaangalia. Kiukweli walioitengeneza wana adabu. Mwindaji haonekani filamu nzima, mama haonekani akianguka, ni mlio wa bunduki halafu theluji na mtoto anaita. Mdogo wangu hakulia. Alipotokea yule dume mkubwa wa msituni na ikajulikana ndiye baba, akauliza, "Baba yake alikuwa wapi muda wote?" Swali hilo halikujibiwa na mtu yeyote kwenye chumba kile, na wanaonifahamu wanajua kwa nini.

Kuanzia ya sita mpaka ya kumi na moja sina mengi. Ni za miaka ya vita na baada yake, studio ilikuwa inafanya kazi za jeshi na hela hakuna, kwa hiyo walishona vipande vifupi vifupi wakaviita filamu. "Saludos Amigos" na "The Three Caballeros" zilitokana na safari ya kwenda Amerika ya Kusini iliyoungwa mkono na serikali ya Marekani kwa sababu zake za kisiasa. Ukitaka kumlaza bibi yako mapema, anzia hapo.

"Cinderella" ya 1950 ndiyo iliyoirudisha studio kwenye hela, na ndiyo iliyomrudisha Bibi kwenye mkeka. Mama wa kambo anaeleweka kila nchi. Lakini filamu ilipoisha na harusi, Bibi akasema, "Sasa ndiyo imeisha? Si ndiyo inaanza?" Akatusimulia ya kwake, ya paa na maskini. Wengine mnaijua, Askofu Edward Steere aliikusanya Unguja akaichapisha London mwaka 1870 kwenye kitabu chake cha hadithi za Waswahili. Maskini anayechakura jaani anaokota kijisenti ananunua paa. Paa anasema kama mtu. Anaokota almasi, badala ya kumfanya bwana wake ale siku moja anampelekea sultani kama posa, anamwozesha bwana wake binti ya sultani, anamwua nyoka wa vichwa saba, anampa bwana nyumba ya nyoka na mali yote iliyomo. Kisha paa anaugua. Bwana anaambiwa paa hawezi, anasema mpikieni uji wa mtama. Nyumba imejaa kila kitu, lakini paa anapewa uji wa mtama. Anakufa, anatupwa kisimani, na bwana anaamka asubuhi yuko jaani anachakura.

Hapo kwenye uji Bibi alinyamaza kidogo, akatengeneza kanga yake, kisha akaendelea. Mdogo wangu akataka kujua kwa nini paa hakuondoka zake mapema kabla hajaugua. Bibi akasema wengine wakishazoea kuhudumia hawaijui njia ya mlangoni. Sijui alikuwa anamsema nani.

Nimeshaisikia hadithi hiyo mara nyingi, ila kuisikia baada ya "Cinderella" ni kitu kingine. Disney anafunga kitabu siku ya harusi. Watu wetu wanakifungua siku ile, wanataka kuona mkishashiba mtamfanyaje aliyewashibisha.

Faida ya kuangalia kwa kufuatana ilianza kuonekana hapa katikati. "Sleeping Beauty" ya 1959 imechorwa kwa utajiri wa ajabu, iligharimu dola milioni 6 na ilipotoka haikurudisha hela. Ukiweka usiku unaofuata ile ya mbwa 101, ya 1961, unaona kabisa mkono umebadilika. Mdogo wangu ndiye aliyesema, "Sasa wanachora kwa penseli." Amepatia. Walianza kutumia mashine ya kunakili, mchoro wa penseli unahamishwa moja kwa moja kwenye karatasi ya plastiki bila mtu kuupitia upya kwa wino, na ile mikwaruzo inabaki. Walt Disney mwenyewe alifariki Desemba 1966, na "The Jungle Book" ikatoka mwaka uliofuata bila yeye. Baada ya hapo unaona watu wanafanya kazi kama familia iliyofiwa na mzee, kila mtu anarudia alichozoea.

Nasema wanarudia, na ushahidi ninao. Tulikuwa kwenye "Robin Hood," ya 1973, ile ya mbweha. Wanyama wanacheza ngoma msituni. Mdogo wangu akaruka juu. "Huyu anacheza kama Snow White!" Nikamwambia kaa chini. Akagoma. "Rudisha!" Nikarudisha, nikafungua na ile ya 1937, nikaziweka mbili kwa pamoja kwenye kioo chenye ufa. Jamani, ni hatua zile zile! Mkono, kiuno, kugeuka, vyote. Kumbe ni jambo linalojulikana, wachoraji walichukua michoro ya zamani ya "Snow White," "The Jungle Book" na "The Aristocats" wakaifuatisha wakabadilisha miili, kuokoa muda na hela. Lakini yeye hakuambiwa na mtu. Aliiona kwa sababu alikuwa na "Snow White" kichwani, wiki tatu nyuma. Huyu ndiye mtoto ambaye ripoti yake ya shule inasema hana umakini. Kwenye darasa lao wanakaa wanne dawati moja. Mimi ningeandika nini kuhusu umakini wa mtu anayekaa hivyo, sijui, na mwakani nitakuwa naandika ripoti za namna hiyo mimi mwenyewe.

Usiku ule hakulala haraka. Alitaka kujua inachorwaje. Nikamwambia sekunde moja ya filamu ina picha 24, ingawa mara nyingi mchoro mmoja unapigwa picha mara mbili, kwa hiyo michoro kama 12. Tukachukua "Dumbo," dakika 64, mara sekunde 60, mara 24. Tukapata picha 92,160. Tukagawa kwa mbili, 46,080. Alifanya hesabu mwenyewe nyuma ya daftari la Maarifa ya Jamii, kwa kuzidisha kwa mkono, na alipokosea alifuta akarudia bila kuambiwa. Akauliza na Akili yule wa "Akili and Me" naye kachorwa hivyo hivyo? Nikamwambia yule kachorwa Dar es Salaam, kwa kompyuta, na watu wa Ubongo, wale wale wa "Ubongo Kids" iliyoanza kuoneshwa mwaka 2014. Akashangaa. Alikuwa anadhani katuni zote zinatoka mbali, kama mchele wa Thailandi.

Kuanzia hapo akaanza kuchora pembeni ya daftari, kila ukurasa tembo mmoja, kila tembo amesogea kidogo. Ukipitisha kidole haraka anatembea.

Za miaka ya themanini nitazipita. "The Black Cauldron" ya 1985 alijifunika khanga ya Bibi mwanzo mpaka mwisho. "The Little Mermaid" ya 1989 ndiyo iliyoifufua studio, na kwa watu wa pwani ilikuwa na utani mwingi, maana Bibi alitaka kujua huyo nguva mbona hanuki samaki. Ila alipoona msichana anatoa sauti yake kwa yule mchawi ili apate miguu aende kuishi nchi kavu, aliacha utani. "Kaenda nchi za watu hana sauti," akasema, akaondoka kwenda kuchemsha chai, na sehemu iliyobaki aliisikiliza akiwa jikoni.

Namba 32 ni "The Lion King," ya 1994. Usiku ule nilifukuzwa kazi. Usiku wote uliotangulia wananitegemea, sasa nikifungua mdomo kueleza Simba ni nani naambiwa, "Kaka nyamaza, tumeelewa." Rafiki alipoanza kuimba maneno yake ya Kiswahili mdogo wangu alisimama kabisa. Wimbo wa mwanzo alidhani ni Kiswahili pia, nikamwambia ni Kizulu, aliuimba Lebo M wa Afrika Kusini. Akaanza kuyachambua majina mmoja mmoja. Simba sawa. Rafiki sawa. Pumbaa, sawa, kapumbaa kweli. Alipofika kwa fisi anayeitwa Shenzi akanitazama kama aliyesikia tusi, kwa sababu kwetu ni tusi, na Bibi akathibitisha kuwa neno hilo halisemwi mbele ya watu wazima. Hao waliotengeneza walikuja mpaka Hell's Gate kule Kenya kutazama miamba na wanyama. Naona hawakukaa na watu wa kutosha.

"Hakuna matata" je? Mdogo wangu akauliza nani anasema hivyo. Swali zuri. Bagamoyo msemo huo unaukuta kwenye fulana za watalii. Sisi tunasema hamna shida, na siku hizi hamna noma. Them Mushrooms wa Kenya waliuweka kwenye wimbo wao wa kukaribisha wageni mwaka 1982, ukaenea mahotelini, kisha ukaenda Hollywood. Disney wakaomba usajili wa maneno hayo kama alama ya biashara kwa ajili ya nguo mwaka 1994, wakaupata 2003, na 2018 watu wakaanza kusaini malalamiko mtandaoni. Mimi kwa upande wangu nimekasirika kidogo tu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba ilibidi mtoto asubiri filamu 31 ndipo asikie maneno anayoyajua, na mengi kati ya hayo ni majina ya wanyama.

Ijumaa yake akamhadithia Mama. Mama akasema na huko Simba anaitwa Simba vile vile, kwa Kiarabu, na wale watoto walipomwuliza ni jina gani hilo akawaambia ni mnyama, asad, kwa Kiswahili ndiyo simba. Basi wakawa wanamfuata na kila kitu, hiki kwa Kiswahili kinaitwaje, kile kinaitwaje, na bibi yao anacheka anasahihisha. Mimi nasomea ualimu miaka mitatu. Mama anafundisha Kiswahili Muscat bila cheti, huku ana ufagio mkononi.

Ya 33 ni "Pocahontas." Nilikuwa na siku mbili kabla ya chuo kufunguliwa, tungeweza kuiwahi. Mdogo wangu akakataa, kasema hiyo na zinazofuata ni za Mama akirudi. Mkataba unaisha mwezi wa pili. Kama watamrudishia pasi kwa wakati, kama hawatamwomba aongeze mwaka, na kama yeye mwenyewe hatakubali kuongeza kwa sababu ya ada zetu, atakuwa nyumbani kabla ya Ramadhani. Hizo kama tatu nazijua mimi na Bibi. Mtoto hatujamwambia.

Ijumaa hiyo hiyo tulikuwa tumemtumia video ya daftari, kidole cha mdogo wangu kinapitisha kurasa, tembo mkubwa anasogea dirishani na kupitisha mkonga. Tiki mbili zilikaa kijivu mpaka usiku. Saa nne ikaja sauti ya Mama, fupi, anaongea chini chini kama mtu ambaye nyumba imelala. Alisema ni nzuri sana, ameirudia mara nyingi. Halafu akauliza, mbona masikio ya mtoto madogo?

Jumapili nikapanda daladala ya Makumbusho. Mpaka naondoka, mdogo wangu alikuwa amekaa barazani na kifutio, amefika ukurasa wa kumi na nane.